Miwani ya VR haiji kumfumbua macho mtoto mwenye anoreksia

Watu wengi wakisikia kuna tiba ya anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu ya kunenepa, inayotumia miwani ya VR, ile inayomfanya anayeivaa ajione yuko ndani ya dunia ya kompyuta, wanawaza hivi moja kwa moja: mtoto anavishwa miwani, anaonyeshwa mwili wake ulivyo kweli, anaona kumbe amekonda, anashtuka, anapona. Nimeulizwa hivyo na ndugu, na majirani, hata na mwalimu wa binti yangu, na kila mara najikuta naeleza kwa kirefu mpaka nachoka, ndo maana leo nimekaa niyaandike yote mahali pamoja. Tiba yenyewe haifanyi kazi hivyo kabisa, na tukiielewa vibaya tutawaumiza zaidi watoto ambao tayari wamechoshwa na maneno ya "hebu jitazame kwenye kioo".

Binti yangu aliugua akiwa na miaka 14. Sitaandika uzito wake wala alichokuwa anakula na asichokula, kwa sababu najua kuna watoto wagonjwa wanaosoma maandishi kama haya wakitafuta namba za kujilinganisha nazo, na mzazi aliyepitia hili anajua namba hizo zinavyomkaa mtoto kichwani. Nitasema tu kwamba daktari wa kwanza alituambia ni mambo ya umri, atayaacha mwenyewe, tukapoteza muda mwingi hapo. Jamani, anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Mapigo ya moyo yanapungua, mifupa inadhoofika, madini kwenye damu yanavurugika, na mtoto bado anakwambia yuko sawa, na anamaanisha.

Sasa tuje kwenye miwani. Ili uelewe kwa nini mtu alifikiria kuitumia inabidi uelewe kwanza mtoto mwenye ugonjwa huu anaona nini na anahisi nini, kwa sababu hivyo ni vitu viwili na watu wanavichanganya.

Kuna utafiti wa Anouk Keizer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht kule Uholanzi, ulitoka 2013. Waliwachukua wanawake wenye anoreksia na wengine wasio wagonjwa, wakawapitisha kwenye uwazi kama wa mlango ambao upana wake unabadilishwa, huku wamewapa kazi nyingine ya kufanya ili mawazo yasikae kwenye mwili. Wasio wagonjwa walikuwa wanaanza kugeuza mabega pale uwazi unapobaki mpana kuliko mabega yao kwa asilimia 25 hivi, na hiyo ni kawaida, mtu anajiachia nafasi kidogo. Wenye anoreksia walianza kugeuza hata uwazi ukiwa bado umezidi mabega yao kwa asilimia 40. Hakuna aliyewauliza unajionaje, mabega yenyewe ndo yalijibu. Nilivyosoma hapo nilimwona binti yangu anavyopita kati ya kiti na ukuta pale mezani, ubavu ubavu, tumbo kalibana, pumzi kaizuia, kwenye nafasi ambayo mi napita nimebeba sufuria kwa mikono miwili.

Afu 2018 ukaja utafiti mwingine, huu wa Ujerumani, mjini Tübingen, wa Simone Mölbert na wenzake. Wao walipima miili ya wanawake kwa mashine ya kuskani pande zote, wakatengeneza avata, yaani mwili wa kompyuta, yenye umbo la mhusika mwenyewe, ukubwa kamili wa mtu, wakaisimamisha mbele yake ndani ya VR, halafu wakawa wanaibadilisha unene na kumuuliza, huu ndo mwili wako? Ungetegemea wagonjwa wakosee vibaya sana. Hawakukosea hivyo. Walikadiria mwili wao vizuri tu, hawakuwa wabovu kuliko wasio wagonjwa. Tofauti kubwa ilijitokeza walipoulizwa mwili wanaoutaka, hapo wagonjwa wakachagua mwili mwembamba kupita kiasi.

Ukiziweka hizo mbili pamoja unapata picha ambayo kwa kweli ilinibadilisha namna ya kuongea na mtoto wangu. Macho yanaweza kuwa yanaona sawasawa, ila mwili unahisiwa mkubwa, na juu ya hayo yote kuna hofu, hofu kali ya kuongezeka, ambayo haisikilizi hoja. Kwa hiyo kumwonyesha mtoto ukweli ni kumjibu swali ambalo hajauliza. Anajua. Anaogopa hivyo hivyo.

Mwitalia Giuseppe Riva, ambaye alianza kutumia VR kwenye matatizo ya ulaji tangu miaka ya 1990 wakati miwani yenyewe ilikuwa mizito na picha zake za kukatakata, ana maelezo yake kuhusu hili. Anasema mtu anabeba kumbukumbu ya mwili wake kama unavyotazamwa na mtu mwingine kutoka nje, na kwa wagonjwa hawa kumbukumbu hiyo ni kama imefungwa, haipokei tena taarifa mpya kutoka kwenye mwili wa leo. Mtoto anaweza kukonda kiasi gani, picha ile ya zamani iko pale pale. Hii ni nadharia, wataalamu bado wanaijadili, ila mimi kama mama naona inaeleza kitu nilichokishuhudia, kwamba kila kilo iliyopungua haikumpa nafuu yoyote.

Haya, ndani ya chumba cha tiba kunatokea nini hasa? Nitaeleza kwa mfano wa timu ya Chuo Kikuu cha Barcelona, akina José Gutiérrez-Maldonado na Bruno Porras-Garcia, kwa sababu wao wamefanya kazi hii na wagonjwa wakiwemo matineja na wameieleza hatua kwa hatua. Mgonjwa anapigwa picha akiwa amesimama, mbele na ubavuni, na kutokana na hizo wanatengeneza avata yenye umbo linalolingana na lake. Anavaa miwani, anafungwa vitambuzi vya mwendo mwilini, anashika kontrola mikononi. Ndani anajikuta chumbani, mbele yake kuna kioo kikubwa, na ndani ya kioo yupo yeye, yaani avata. Akiinua mkono nayo inainua, akipiga hatua pembeni nayo inapiga. Baada ya hapo mtaalamu anamgusa kwa kontrola mkononi, tumboni, miguuni, na wakati huo huo anaona kwenye VR mwili ule ukiguswa sehemu ile ile. Ubongo ukipata vitu hivyo viwili vinavyokwenda sambamba, mwendo na mguso, unakubali taratibu kwamba huu ni wangu. Ubongo unashawishika kirahisi zaidi ya tunavyodhani, tangu 1998 Botvinick na Cohen walionyesha kwamba mtu anaweza kuuhisi mkono wa mpira kama wake, kisa tu anaona ukisuguliwa kwa brashi wakati mkono wake halisi uliofichwa unasuguliwa vivyo hivyo.

Mwili ukishakuwa "wangu", ndo kazi inaanza. Mtaalamu anamwomba aangalie sehemu moja moja, aseme anachohisi, na kila baada ya muda mfupi ataje wasiwasi wake kwa namba kuanzia 0 mpaka 100. Haambiwi atulie wala apumue, haambiwi uko sawa usijali. Anakaa na hofu mpaka hofu ishuke yenyewe. Na hofu inashuka, hilo ndo jambo ambalo mtoto hajawahi kuliona, kwa sababu siku zote anaikimbia kabla haijafika kileleni. Ikishashuka vya kutosha, avata inaongezewa unene kidogo, wanaanza tena, hivyo hivyo mpaka mtoto asimame mbele ya mwili wenye uzito wa afya, uzito ule ambao matibabu yanampeleka, akiwa bado hajaufikia.

Hapo ndo nilipoelewa thamani ya kitu hiki. Kwenye maisha ya kawaida mtoto anakutana na mwili mpya akiwa ameshaongezeka, ghafla, nguo zimebana, na wengi wanarudi nyuma pale pale. Kwenye VR anakutana nao mapema na mtu yuko naye, ni kama mtu anayejifunza kuogelea kwenye maji ya kiunoni kabla hajapelekwa kwenye kina.

Utafiti wao uliochapishwa 2021 ulikuwa na wagonjwa 35, wote wakipata matibabu ya kawaida, wakagawanywa kwa kura, 16 wakaongezewa vipindi vya kioo cha VR. Walioongezewa walipungukiwa zaidi na hofu ya kuongezeka uzito na wasiwasi kuhusu mwili, na walipofuatiliwa baada ya miezi kadhaa tofauti nyingi zilikuwa bado zipo. Watu 35 ni wachache, sitaki mtu aje kusema nimemwambia dawa imepatikana. Ila kwa ugonjwa ambao hofu ile ndo inayowarudisha watoto hospitalini, mi nachukulia matokeo hayo kwa uzito.

Binti yangu naye alifanya vipindi vya aina hii, baadaye sana, alipokuwa ameshaanza kuongezeka. Sikukaa ndani, wazazi tulikuwa tunasubiri nje na nadhani ni sawa. Siku moja tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza kama haoni ni mchezo wa kompyuta tu, akanijibu, "Mama, najua ni kompyuta. Lakini tumbo langu halijui." Akanieleza kwamba mikono ilimtoka jasho mpaka kontrola ikawa inateleza, kwamba alitaja 95 na alikuwa anataka kuvua miwani, na yule mtaalamu hakumkataza, alimuuliza tu angeweza kusubiri kidogo kabla ya kuvua, akasubiri. "Ikashuka yenyewe Mama, sikufanya chochote." Alilirudia hilo mara kadhaa, sikufanya chochote, kama mtu aliyeona jambo lisilowezekana. Mtoto huyu kwa miaka alikuwa anaamini kwamba hofu inaondoka kwa kufanya kitu tu, kuacha chakula, kupanda na kushuka ngazi, kujipima.

Kwa bulimia, yaani kula kwa pupa kisha kujaribu kukitoa chakula mwilini, na kwa wale wanaokula kwa pupa bila kujizuia, mambo ni tofauti kidogo, kule kinachokabiliwa zaidi ni uchu. Timu hiyo hiyo ya Barcelona walitengeneza mazingira manne ya VR, jikoni, chumba cha kulia, chumba cha kulala na mgahawa wa keki na mikate, mgonjwa anachagua vyakula vinavyomshinda na mahali panapomshinda, halafu anakaa navyo, anavishika kwa mikono ya VR, anavigeuza, anavitazama, bila kuvila, mpaka uchu na wasiwasi vishuke. Waliwafanyia watu wazima 64 ambao tiba ya kubadili fikra na tabia ilikuwa haijawatoa kwenye tatizo, nusu wakapewa vipindi 6 vya VR na wengine wakaongezewa vipindi vya tiba ile ile ya mwanzo. Matokeo yalitoka 2017, asilimia 53 ya waliopata VR waliacha kabisa kula kwa pupa walipomaliza, kwa wale wengine ilikuwa asilimia 25. Ni watu wazima hao, na matineja siyo watu wazima wadogo, ila kinachonivutia ni kwamba waliochaguliwa ni wale waliokuwa wameshajaribu tiba nzuri ikagoma. Na chumba cha kulala kwenye ile orodha, aliyefikiria hilo anaujua ugonjwa, kwa sababu bulimia inaishi chumbani usiku mlango umefungwa, siyo mezani mbele ya watu.

Sasa niseme kitu ambacho wauzaji wa teknolojia hawakisemi kwa sauti. Avata haiongezi uzito wa mtoto. Mwaka 1944 na 1945 kule Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi 6 vijana wa kiume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, na vijana wale wakabadilika, wakawa wakali, wenye huzuni, wanajitenga, wanaota chakula, wanakusanya mapishi, wengine wakawa wanakula kwa taratibu za ajabu ajabu. Hawakuwa na anoreksia, walikuwa na njaa tu. Ubongo wenye njaa haujifunzi vizuri na haubadiliki vizuri, kwa hiyo ukimvisha miwani mtoto ambaye mwili wake uko kwenye hatari unampotezea muda ambao hana. Kwanza moyo, damu, chakula. Na chakula chenyewe kinarudishwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa ghafla madini kama fosfeti yanaweza kushuka kwenye damu mpaka ikawa hatari ya maisha.

Kwa watoto na vijana wenye anoreksia, tiba inayotangulia ni ya familia, ndivyo inavyoelekeza hata miongozo ya Uingereza ya mwaka 2017, tiba ambayo mizizi yake iko hospitali ya Maudsley, London. Katika mtindo huo wazazi wanachukua jukumu la chakula kwa muda, mlo baada ya mlo, mpaka mtoto aweze kulirudisha mikononi mwake. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kuna mlo unachukua saa mbili, mtoto analia, wewe unalia ndani kwa ndani na huruhusiwi kuonyesha, na unarudia jioni, na unarudia kesho. Hakuna miwani inayoweza kukaa kwenye kile kiti badala yako, na mtu akikuuzia VR kama njia ya kuruka hatua hiyo mkatalie.

Kuna na mambo madogo madogo ambayo kwa tineja yanakuwa makubwa. VR inawapa watu wengi kizunguzungu na kichefuchefu, na mtoto ambaye presha yake iko chini na mapigo ya moyo ni ya polepole anaweza kuanguka, lazima kiti kiwe karibu na mtu awe karibu. Suala la kuguswa nalo si dogo, mtoto aombwe ruhusa kila mara na awe na haki ya kusema hapana, hasa kama amewahi kufanyiwa ubaya. Afu kuna zile picha za mwili wake na umbo lake lililohifadhiwa kwenye kompyuta, mzazi una haki ya kujua zinakaa wapi, nani anaziona na zitafutwa lini. Watoto wa kiume pia wasisahaulike, wanaugua, wengine hofu yao siyo unene tu bali kukosa misuli, na ukimwekea avata na mazoezi yaliyotengenezwa kwa ajili ya wasichana utamkosa kabisa.

Halafu tafadhali, tafadhali sana, usinunue miwani ukamfanyia nyumbani. Naelewa hamu hiyo, foleni ya matibabu ni ndefu na miwani inauzwa, unaona kabisa kifaa ni kile kile. Lakini programu ya kubadilisha umbo la mwili mikononi mwa mtoto mgonjwa bila mtaalamu inageuka kioo kingine cha kujipimia, atasogeza kitufe upande wa kukonda, siyo upande wa kupona. Tiba hii haimo ndani ya kifaa, imo kwa mtu anayejua lini aongeze hatua, lini asubiri, na anayegundua kwamba mtoto ametaja 30 lakini macho yake yamekwepa tumbo muda wote. Kukwepa huko ndo ugonjwa wenyewe, na kuna miwani siku hizi yenye uwezo wa kufuatilia macho yanatua wapi, kwa hiyo mtaalamu halazimiki kutegemea maneno tu.

Ukiambiwa mahali fulani wanayo VR kwa ajili ya mtoto wako, mi ningeuliza kwanza nani anafuatilia moyo na damu yake wakati vipindi vinaendelea, na kama huyo anaongea na huyu wa miwani au kila mmoja yuko kivyake. Ningeuliza kama mtaalamu ameshatibu matatizo ya ulaji bila VR, maana asiyeweza kumtuliza mtoto mbele ya sahani ya kweli hatamsaidia mbele ya sahani ya kompyuta. Na ningeuliza kipindi kikiisha nini kinafuata siku hiyo hiyo. Hili nalisisitiza kwa sababu woga ulioshuka ndani ya chumba kile una tabia ya kubaki kwenye chumba kile, ubongo unajifunza kwamba hapa ni salama, siyo kwamba dunia ni salama, kwa hiyo lazima kuwe na kazi ya nyumbani, kioo cha kweli, nguo inayomtosha sasa badala ya ile ya zamani aliyoificha, mlo na watu wengine. Sisi tulikuwa tunapewa kazi moja kila baada ya kipindi, ndogo tu, imeandikwa kwenye karatasi, na mtaalamu alianza kipindi kinachofuata kwa kuuliza habari za karatasi hiyo kabla hata hajagusa miwani. Ukikuta mahali ambapo hawana jibu la swali hilo, omba mtoto aendelee na tiba ya familia na daktari wake, na miwani isubiri.